Mama katoka oparesheni ya moyo: kidude cha mipira mitatu au cha kuvuta kwa nguvu?

SWALI: Asalaam aleikum. Mama yangu ana miaka 48, amebadilishwa valvu ya moyo, kawekewa ile ya chuma, pale Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete Dar, na sasa hivi tupo nyumbani Tanga, hii ni wiki ya nne. Kidonda cha kifuani kimekauka vizuri. Tulitoka na kile kidude cha mipira mitatu cha kuvutia pumzi lakini anasema kinamchosha, kifua kinamvuta, na mpira wa tatu haupandi hata afanyeje, kwa hiyo kakiweka kabatini. Mjomba yuko Muscat kamtumia kingine, hiki kina spring ndani na unakivuta kwa nguvu, anasema ndo cha kuimarisha misuli ya kupumua. Bibi yeye anasema mama asijichoshe, alale tu mpaka miezi mitatu iishe. Tumsikilize nani? Na mazoezi haya ni ya mpaka lini?

JIBU: Waaleikum salaam dada yangu, poleni na kuuguza, na mama mpe pole nyingi. Wiki ya nne na kidonda kikavu, hizo ni habari njema. Mie ni mtu wa fiziotherapia, si daktari wa upasuaji, kwa hiyo chochote ntakachosema hapa kikigongana na alichosema daktari wake mfuateni daktari wake, yeye ndo aliyekifungua kile kifua na anajua alichokikuta mle.

Kwa haraka haraka: cha mipira kitoeni kabatini leo hii, ila kitumike tofauti na anavyokitumia sasa. Cha mjomba ni kizuri lakini kisubiri kliniki. Na bibi, kwa heshima zote shikamoo yake, hapo hapana, kumlaza mgonjwa kutwa nzima ndo kubaya kuliko yote.

Sasa tukae kidogo tuelewane kwa nini, maana mtu asipoelewa mle kifuani kumetokea nini hili zoezi ataliona la kusumbuana tu.

Oparesheni ya valvu mara nyingi wanakata kidari, yaani ule mfupa wa katikati ya kifua, kuanzia juu mpaka chini, wanakifungua, wanausimamisha moyo na damu inazungushwa na mashine nje ya mwili, na muda wote huo mapafu yanakuwa hayapumui kama kawaida, yamelegea. Wakimaliza wanafunga kidari kwa nyaya za chuma ambazo zinabaki humo humo. Mgonjwa akiamka, sehemu za chini za mapafu, hasa pafu la kushoto, zinakuwa zimejifunga, hewa haifiki kule. Na kwa sababu kifua kinauma anapumua kwa juu juu, vipumzi vifupi, basi kule chini kunazidi kujifunga, makohozi yanakaa, na makohozi yakikaa ndo nimonia inapata pa kuingilia. Siku za mwanzo uwezo wa mapafu kujaa unashuka sana, theluthi moja mpaka hata nusu, alafu unarudi taratibu, si kwa siku, ni kwa wiki na miezi. Kwa hiyo mama kujisikia kifua kimebana wiki ya nne si ajabu.

Kuna na jambo la pili ambalo watu wengi hawalijui. Chini ya mapafu kuna ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, dayaframu, huo ndo unaofanya kazi kubwa ya kuvuta pumzi kuliko misuli mingine yote. Neva zinazouendesha zinatoka shingoni zinapita ubavuni mwa moyo kabisa, na wakati wa oparesheni zinaweza kupata baridi ya barafu inayotumika kuupoza moyo au zikavutwa kidogo, hasa ya kushoto, zikazubaa. Mara nyingi zinaamka zenyewe ila zinaweza kuchukua miezi. Ukiona mama akikaa yuko sawa, ila akilala chali tu pumzi inakata, mwambieni daktari aangalie, maana inaweza ikawa hiyo, na inaweza pia ikawa maji kwenye mapafu, na hayo mawili hayatibiwi kwa njia moja.

La tatu, mtu wa valvu hakuanza kudhoofika siku ya kisu. Valvu ikiharibika (huku kwetu sanasana ni ile homa ya baridi yabisi ya utotoni inayoanzia kooni) mtu anaishi miaka anahema, ngazi chache tu anasimama, anaacha kutembea, anaacha shamba, na misuli ya kupumua nayo inanyong'onyea kama misuli mingine ya mwili. Hili limepimwa. Kule Porto Alegre, Brazil, mwaka 2006 walitoa matokeo ya wagonjwa wa moyo kushindwa kufanya kazi ambao misuli yao ya kuvuta pumzi ilikuwa dhaifu, wakawapa zoezi la kuvuta pumzi yenye upinzani kwa wiki 12, uzito mdogo tu, asilimia 30 ya nguvu yao, na nguvu ya kuvuta ikapanda sana na hata kutembea wakawa wanakwenda mbali zaidi. Hao hawakuwa wametoka kupasuliwa, usichanganye, ila inakuonyesha kwamba valvu mpya peke yake hairudishi misuli iliyolala miaka.

Haya, turudi kwenye vidude. Vinafanana kwa kuwa vyote unaviweka mdomoni unavuta, basi, kazi zake ni mbili tofauti. Cha mipira ni cha kufungua mapafu. Hakina upinzani wa maana, hakijengi msuli, kinachokusaidia ni kuona kwa macho kwamba umevuta pumzi ndefu. Cha mjomba ni cha kujenga msuli, kile ndo mazoezi ya misuli ya kupumua yenyewe. Ndo maana hakiwezi kuchukua nafasi ya mwenzake, mapafu yaliyojifunga hayafunguki vizuri kwa kuvuta kwa kujikamua huku unaumia, na msuli haukui kwa kuangalia mpira ukipanda.

Sasa huo mpira wa tatu unaomkosesha mama raha. Kwenye vidude vingi vya aina hii kila chumba kimeandikwa namba, angalia pembeni utaiona, 600, 900, 1200. Hizo ni mililita kwa sekunde, maana yake ni SPIDI ya hewa, wala si wingi wake. Mpira wa kwanza unapanda ukivuta kwa spidi ya mililita 600 kwa sekunde, wa pili 900, wa tatu 1200. Piga hesabu na mie: mama akivuta kwa kishindo mipira yote mitatu ikaruka juu ikakaa nusu sekunde ikaanguka, amevuta kama mililita 600 tu, na hizo kazivuta kwa mabega na shingo, hewa imeishia juu. Akivuta polepole mpira mmoja ukapanda ukakaa juu sekunde tatu, hapo kavuta mililita 1800, lita moja na robo tatu na kitu, mara tatu ya ile ya kwanza, na imefika kule chini tunapokutaka. Sasa niambie nani kafanya zoezi hapo. Kwa hiyo mpira wa tatu mwambie mama auache hapo hapo ulipo, hatuuhitaji. Tunataka mmoja ukae juu muda mrefu, siku akiweza wawili sawa, ila usitetemeke kwa kukimbizwa.

Namna ya kufanya: akae wima kwenye kiti chenye mgongo, miguu chini, si kitandani amejiegemeza nusu amelala, maana tumbo linaisukuma dayaframu juu na pumzi haiendi. Kidude akishike wima usawa wa macho. Atoe pumzi kawaida NJE ya kidude kwanza, hapa ndo wengi wanakosea, wanapulizia ndani, mipira haisogei, wanadhani kimeharibika. Alafu abane midomo vizuri kwenye kile kipande cha mdomoni, avute taratibu mpaka mpira wa kwanza upande, aendelee kuvuta ukiwa juu kadri anavyoweza, akifika mwisho atoe kidude mdomoni, aibakize pumzi kama sekunde mbili tatu bila kukaza koo wala kujikamua, alafu aiachie polepole. Wewe kaa mbele yake umwangalie mabega. Yakipanda mpaka masikioni jua anavutia juu, mwekee kiganja chako ubavuni chini kabisa ya mbavu mwambie "sukuma mkono wangu kwa pumzi". Mara nyingi hapo hapo unaona mabadiliko, mkono unasogea na mabega yanatulia.

Afanye pumzi tano, apumzike dakika moja apumue kawaida, alafu tano nyingine, basi. Akifululiza kumi na tano ishirini kizunguzungu kitamshika na vidole vitamtambaa, hiyo siyo moyo, ni kwa sababu ametoa hewa chafu nyingi kuliko kawaida, apumzike tu itaisha. Hospitali siku za mwanzo tunawaambia kila saa akiwa macho, kwa wiki ya nne mie ningependa kama mara tano kwa siku, na kwa vile ni mtu wa swala basi iwe baada ya kila swala, hatasahau na hamtahitaji alamu. (Kwenye swala yenyewe aswali kwa kukaa kitini mpaka kidari kishike, kujiinua kutoka kwenye sijda unajisukuma kwa mikono yote miwili na kidari hakijawa tayari kwa hilo.)

Kuhusu kuchoka na kifua kuvuta. Kuvuta kidogo pale kwenye mshono ni kawaida, mbavu zinatanuka na zilikuwa zimezoea kubanwa. Maumivu makali ya kuchoma, hapana, asimame. Kama maumivu ndo yanamzuia basi anywe dawa yake ya maumivu aliyoandikiwa nusu saa kabla ya zoezi, wagonjwa wengi wanakataa dawa wanaona ni ujasiri kumbe ndo wanapumua juu juu kutwa. Ila sikia hapa vizuri sana: Panadol kwa kiwango alichoandikiwa ni sawa, lakini asinunuliwe diklofenaki wala ibuprofeni duka la dawa pale mtaani, mama ana valvu ya chuma maana yake yuko kwenye wafarini, dawa ya kuzuia damu isigande, na ukichanganya hizo anaweza kuvuja damu tumboni. Hata Panadol yenyewe akiinywa nyingi kila siku mfululizo inaweza kupandisha kipimo chake cha INR, kile cha damu kinachoonyesha inachukua muda gani kuganda, kwa hiyo wakijua kliniki ni vizuri.

Na kukohoa. Wanaogopa sana kukohoa, wanadhani kifua kitafunguka. Akumbatie mto, au taulo lililokunjwa likafungwa kanga, alibane kifuani kwa mikono miwili alafu akohoe, maumivu yanapungua na kidari kinashikwa. Kama kukohoa kunamshinda kabisa basi avute pumzi ya wastani alafu aitoe kwa mdomo wazi, "hhaaa", kama mtu anayepuliza ukungu kwenye kioo ili akifute, mara mbili tatu, makohozi yanapanda yenyewe alafu anayatoa kwa kikohozi kimoja kidogo.

Mtu atauliza, je utafiti unasemaje kuhusu hiki cha mipira? Vidude vya kundi hili vimetoka Marekani, daktari Robert Bartlett, huyo huyo anayejulikana kwa mashine ya kupumulia nje ya mwili, ndo aliyevianzisha na wenzake miaka ya mwanzo ya 1970. Vikasambaa dunia nzima. Lakini Cochrane, kundi la kimataifa linalopitia tafiti za tiba, walipokusanya tafiti za waliofanyiwa oparesheni ya mishipa ya moyo, mapitio yao ya mwaka 2012 hayakuona ushahidi kwamba kidude peke yake kinazuia matatizo ya mapafu kuliko njia nyingine. Mie sishangai. Kidude hakina dawa ndani, kinachofanya kazi ni pumzi ndefu ya polepole, kiwepo kisiwepo. Kule Sweden mwaka 2005 walichapisha utafiti, wagonjwa wakivuta pumzi ndefu 30 kila saa mchana kwa siku nne za kwanza, wanatolea pumzi kwenye chupa ya maji kupitia bomba, wakapigwa picha ya CT na sehemu za mapafu zilizojifunga zikaonekana ndogo, kama nusu ya wale ambao hawakufanya. Chupa ya maji tu hiyo. Kwa hiyo siku kidude kikipasuka au watoto wakikipoteza, wala msihangaike kutafuta kingine, aendelee na pumzi zile zile kwa mkono ubavuni.

Nimetaja watoto, basi hapo hapo: wajukuu wanakipenda sana kile kidude, mipira ya rangi nani asiipende, kikikaa mezani kila mmoja atakipitisha mdomoni. Kisiguswe na mtu mwingine. Kipande cha mdomoni kioshwe kila siku kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, kianikwe kikauke, kisichemshwe plastiki itapinda.

Sasa cha mjomba. Ndani yake kuna kijilango kinachobanwa na spring, hakifunguki mpaka uvute kwa nguvu uliyoipanga kwa kuzungusha kile kichwa, na namba zake zinasomwa kwa sentimita za maji, yaani kipimo cha nguvu ya kuvuta, kimoja kinachotumika sana mahospitalini kinaanzia kama 9 mpaka 41. Ukitaka kupanga vizuri unampima mgonjwa kwanza nguvu yake ya juu kabisa ya kuvuta kwa kifaa chake, alafu unaanza na asilimia 30 ya hapo. Mfano mama akipimwa akaonekana anavuta 50, anaanza na 15. Bila kupimwa unabahatisha, na watu wakibahatisha huwa wanabahatisha juu, hasa kidude kikiwa kimetumwa kutoka nje na mjomba anapiga video kol kuangalia.

Kwa nini nasema kisubiri? Wiki ya nne kidari bado hakijashika. Mfupa ule unaanza kuwa imara kwenye wiki ya 6 mpaka ya 8, na wengi tunahesabu mpaka ya 12 ndo tunaacha masharti. Kuvuta kwa uzito mdogo hakutavunja nyaya, na zipo sehemu wanaanza zoezi hili mapema kabisa hata wodini, lakini kule kuna mtu amesimama pembeni, amemsikiliza mapafu, ameona picha ya kifua, anajua hakuna maji wala hewa iliyobaki nje ya pafu. Nyie nyumbani hamna hayo. Mama kama ana hewa nje ya pafu, au kidari kinacheza, au moyo unaenda ovyo ovyo, au masikio yake yana ngoma iliyotoboka, hilo si zoezi lake kwa sasa. Kliniki ijayo ulizeni maneno haya haya: "kifua kimeshika? picha iko safi? aanze zoezi la kuvuta pumzi yenye upinzani kwa namba gani?" Wakisema ndio, aanze na namba waliyompa, au ya chini kabisa kama hawakumpima, pumzi 30 asubuhi na 30 jioni akizigawa kumi kumi, siku tano mpaka saba kwa wiki. Kwenye kipimo cha uchovu cha 0 mpaka 10 awe kwenye 4 hivi, anasikia kazi lakini hajikamui uso. Ikiwa nyepesi wiki nzima, panda kidogo. Anavuta kwa haraka kidogo na kwa kina, anatoa taratibu, tofauti na kile cha mipira ambacho ni polepole mwanzo mwisho.

Na nikuambie ukweli, ushahidi wa kidude cha mjomba una nguvu zaidi KABLA ya oparesheni kuliko baada. Utrecht, Uholanzi, mwaka 2006, wagonjwa 279 waliokuwa wanasubiri oparesheni ya mishipa ya moyo na wako kwenye hatari ya matatizo ya mapafu, nusu wakafanya zoezi hili dakika 20 kila siku kwa wiki mbili au zaidi kabla ya kupasuliwa. Waliopata matatizo ya mapafu baadaye walikuwa asilimia 18 kwa waliofanya, na 35 kwa ambao hawakufanya, na nimonia ilikuwa 6.5 dhidi ya 16.1. Hiyo ni tofauti kubwa jamani. Kwa hiyo kama kuna anayesoma hapa ana mgonjwa wake yuko kwenye foleni ya kusubiri, hizo wiki za kusubiri ndo za kumuuliza daktari kuhusu hiki kidude, msikae tu kusubiri simu. Baada ya oparesheni tafiti zipo, nyingi za Brazil, nyingi ndogo ndogo, zinaonyesha nguvu ya kuvuta inaongezeka na watu wanatembea mbali kidogo zaidi, lakini ukimlinganisha na mtu anayefanya mazoezi kamili ya kutembea, faida ya ziada ya kidude wakati mwingine inaonekana wakati mwingine haionekani.

Ambayo inatuleta kwa bibi. Bibi ana hofu na hofu yake naielewa, enzi zake mtu akipasuliwa analala. Lakini kutembea kunalazimisha pumzi ndefu bila kuambiwa, kunasogeza damu miguuni isigande, kunasaidia kufungua mapafu ya chini. Wiki ya nne mama angekuwa anatembea sehemu tambarare dakika kumi mara mbili tatu kwa siku, anaongeza dakika mbili tatu kila baada ya siku kadhaa mpaka afike nusu saa. Kipimo ni maneno: awe anaweza kuongea na wewe sentensi nzima mkitembea, akianza kukatakata maneno mpunguze mwendo. Tanga na joto lile mtoke alfajiri au baada ya alasiri. Mpeni bibi kazi ya kumsindikiza, atajionea mwenyewe, na mkishatoka pamoja siku mbili tatu ugomvi unaisha.

Kupumzika kwa bibi kuwe kwenye haya: asibebe ndoo, hata ya lita kumi, asivute wala kusukuma vitu vizito, asimbebe mjukuu, asikae jikoni kwenye moshi wa kuni na mkaa maana mapafu yanayojitafuta hayahitaji moshi, bodaboda asipande kwanza, kuanguka ukiwa kwenye wafarini na kidari kibichi ni balaa mbili kwa pamoja. Akitoka kitandani ageuke ubavu kwanza, ashushe miguu, alafu ainuke, asijivute kwa mikono. Na choo, samahani lakini lazima niseme, cha kuchuchumaa kinamtesa na kujikamua kunapandisha presha kifuani, tafuteni kiti cha plastiki kilichokatwa tundu, maji anywe kiasi alichoruhusiwa, matunda, na akipata choo kigumu aombe dawa ya kulainisha. Kitu kimoja kwenye mboga: mchicha na kisamvu ale kwa kiwango kile kile kila wiki, si leo bakuli kesho hakuna, inachezea INR.

Mazoezi yote asimamishe na mtafute daktari siku hiyo hiyo ikiwa: kidari kinalia "klik" au anasikia mifupa inasuguana akipumua au akigeuka, kidonda kinatoa usaha au kimekuwa chekundu cha moto, homa ya 38 au zaidi (mwenye valvu ya chuma homa haichezewi, msimpe tu dawa ya malaria mkasubiri, inaweza kuwa maambukizi kwenye valvu yenyewe), uzito umepanda kilo mbili ndani ya siku mbili tatu na miguu imejaa, mguu mmoja umevimba unauma, moyo unadunda bila mpangilio. Na kuna zile ambazo hazisubiri hata daktari wa kesho, ni hospitali saa hiyo hiyo: pumzi inakata ghafla, kakohoa damu, kazimia, mdomo umepinda au mkono umepoteza nguvu, au amekaa tu ametulia na kile kipimo cha oksijeni cha kidoleni kinasoma chini ya 92.

Mpaka lini? Cha mipira, mpaka atakapokuwa anatembea nusu saa bila shida, hana makohozi, na pumzi ndefu haimvuti tena, kwa wengi ni kwenye wiki ya 6 mpaka ya 8, hapo kiachwe, hakuna faida kuking'ang'ania. Cha mjomba akiruhusiwa, wiki 8 mpaka 12 kutoka siku atakayoanza, na akitaka nguvu ile isishuke aendelee mara mbili tatu kwa wiki, msuli ukiachwa unarudi ulikotoka. Kutembea hakuna mwisho wake.

Siku ya kwenda kliniki Dar bebeni vidude vyote viwili kwenye mkoba, wamwone akivuta mbele yao, ni rahisi kumrekebisha akivuta kuliko akisimulia. Kwenye basi achukue siti ya kwenda na kurudi yenye nafasi ya miguu, gari likisimama Segera ashuke atembee kidogo, dawa zake zikae mkononi si kwenye buti, na ule mto wa kukoholea auweke pale mkanda unapopita kifuani.